Rasimu ya Nne

Rasimu ya kwanza ilikuwa na ramani ya rangi tano
na neno "tahadhari" mara kumi na moja.
Mkurugenzi aliisifu. Tukaibandika Mwakirunge,
ukutani kwa chifu, kando ya tangazo la chanjo ya kuku.
Muuza mahamri aliing'oa, akafungia mahamri.
Mafuta yakalowesha ile sehemu nyekundu.
Ndiyo mara pekee niliyoona mtu ameishika.

Ya pili ilikwenda kwa simu:
"Kiwango cha hatari ya moto: juu kiasi."
Kalume akanijibu usiku huo huo:
"Juu kiasi ni wapi, bwana? Magotini au shingoni?"
Nikaona haya. Sikujua.

Ya tatu ilitisha.
Nyumba ya makuti, miali, mtoto analia.
Bi Nyevu aliilaza kifudifudi juu ya meza:
"Hii nyumba ya nani? Walisaidiwa?
Au mwatuonyesha msiba wetu
mpate kutuuzia kitu?"

Jumamosi niliacha kompyuta ofisini.
Nikapita Utange mlango kwa mlango, sisemi,
nauliza: unajuaje leo si siku ya kuwasha moto shambani?
Wakanambia.
Kuti likikanyagwa halikunjiki, lalia kacha.
Leso ya kwanza imekauka
na ya mwisho ungali waikamua.
Moshi wa jaa haupandi; umelala,
watambaa kama mtu anayetafuta sindano.
Niliandika yote nyuma ya risiti ya unga.

Rasimu ya nne haina ramani.
"Leso ya kwanza ikikauka kabla hujaanika ya mwisho,
leo usichome taka, usichome shamba.
Ukiona moshi umelala, piga namba hii.
Atapokea Chengo. Halali,
na njia ya kwenu aijua."
Ilisomwa msikitini, ikasomwa kanisani,
ikasomwa na kijana wa mkokoteni wa maji, kwa sauti, bila kulipwa.
Mkurugenzi akauliza: "Asilimia ziko wapi?"
Nikamwambia zimo kwenye leso.

Jana moshi ulilala nyuma ya shule.
Simu saba zilimfikia Chengo
kabla sijafunga kamba za viatu.
Ekari mbili tu, na banda moja la mbuzi, tupu.

Aliyewasha ni Kalume.
Tangazo alilisoma, akasema, na alilielewa vizuri sana.
Ila yeye haishi na mke,
na siku hiyo hakufua.

Naandika ya tano.