Kilomita Ishirini

Swantje anakanyaga pedali, Bodo ubavuni,
kamba imelegea kama maneno ya waliozoeana.
Lami, changarawe, kisha lami tena,
mashamba ya viazi yamelowa ukungu wa Oktoba.

Kilomita ya nane, robo saa ya kupumzika.
Mwamuzi Brüggemann anapiga goti nyasini,
anainua wayo mmoja mmoja
kama asomaye barua asiyoandikiwa.
Hakuna lengelenge. "Endeleeni."

Ya kumi na tano, anayehema ni Swantje.
Magoti yanamsuta. Mwaka jana
alikuwa hajui kukaa kitandani bila kushikwa,
na mbwa huyuhuyu alilala mlangoni,
hali mpaka abembelezwe.

Hilo halimo kwenye fomu.
Fomu inauliza mapigo ya moyo, makucha, mwendo, ari.

Mwisho, kizuizi cha mbao.
Bodo anakitazama. Anamtazama Swantje.
Anaruka,
si kwa madaha: mguu wa nyuma umegonga ubao.

"Amefaulu," asema Brüggemann, muhuri ukidunda mezani.

Swantje ameketi chini,
anafungua viganja vilivyong'ang'ania usukani:
malengelenge mawili.

Bodo anasogea, anavinusa,
kimoja, kisha cha pili,
bila haraka.