Weusi wa Bampa

Calama, saa nne asubuhi. Jua la jangwa
limeripoti kazini kabla ya wachimba shaba.
Mvua hapa ni habari ya mwaka fulani.
Suzuki ya baba imejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta,
bampa limepauka
kama miguu ya mtoto aliyetoroka kabla ya kupakwa mafuta.

Mnunuzi atakuja Jumamosi. Mwalimu wa sayansi, kijana,
Yerko au Yerman, baba hashiki majina
ya watu wanaokuja kuchukua vitu.

Tumeshajaribu yote.
Mafuta ya kupikia: yaling'aa siku mbili,
siku ya tatu yakawa yameajiri vumbi lote la mtaa.
Dawa ya viatu: shangazi Orfelina akaliegemea gari
akisubiri ufunguo, akaenda kanisani
na mstari mweusi makalioni, wala hakuna aliyemwambia
mpaka baada ya komunyo.
Siagi ya karanga, ushauri wa kinyozi:
mbwa wa jirani walilamba mlango mzima, na kusema kweli
hapo ndipo gari lilipopendeza.

Leo nimeazima kwa Zvonko mashine ya kupuliza hewa moto.
"Utaliyeyusha," baba anasema.
Amekalia ndoo iliyopinduliwa, kahawa mkononi.
Miaka thelathini na moja ya malori ya mgodi
imemwachia sikio moja na nusu, na ubishi mzima.
"Sisimami mahali pamoja," namjibu. "Ukisita tu,
umeharibu."

Napitisha moto, upana wa vidole vinne, taratibu,
na weusi unakuja.
Hautoki kwangu. Sikupaka kitu.
Unapanda kutoka ndani,
plastiki inatoa mafuta iliyoyaficha tangu kiwandani,
inajipaka yenyewe.
Baba ananyanyuka. Ndoo inabingirika.
"Rudia," anasema, kama mtoto mbele ya kiinimacho.

"Na mwakani jua likilipausha tena?"
"Unapitisha moto tena."
"Halafu?"
"Mara tatu, mara nne. Mafuta yana mwisho."
Anaitazama mikono yake kidogo, kisha kahawa.

Ukanda wa mlango hautaki moto papo hapo, rangi itababuka;
sharti ubanduliwe. Nachomeka bisibisi niliyoifunga kitambaa,
klipu ya kwanza, tak, ya pili, tak,
ya tano inavunjika kwa sauti ya jino.
Ukanda wote unajiachia mikononi mwangu
na chini yake, kati ya tope la zamani lililogeuka biskuti,
kijani.

Kijani cha parachichi lililokatwa sasa hivi.
Na mimi nimeapa maisha yangu yote kwamba gari hili ni la kijivu.
Shuleni, tulipochora familia,
nililipaka kwa penseli tu, nikaona nimemaliza.
"Nilikwambia," baba anasema, ingawa hajawahi kuniambia.
Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama ahamie Iquique:
"Aliichagua yeye. Mimi nilitaka nyeupe."

Tunausugua ule mstari kwa mswaki,
mlango hadi mlango,
ngozi ya mtu aliyevua saa baada ya miaka mingi.
Najua ataniambia tuuache wazi.
Najua atampigia mwalimu simu, gari haliuzwi tena.
Nimeshaandaa hata uso wa kushangaa.

Ukanda nauchoma pembeni, juu ya tofali, mpaka unakolea.
Baba anauchukua ungali vuguvugu,
anaubandika mwenyewe, anagonga kwa ngumi kila palipo na klipu,
akihesabu. Penye ya tano anakunja kipande cha waya.
Anagonga tena.
Kijani kwisha.

"Usimwambie," ananionya.
"Kuhusu waya?"

Anapuliza kahawa iliyopoa zamani.