Kwenye Foleni ya Wajawazito, Pongwe

Alikuja Jumanne, siku ya kliniki,
akaketi mwisho wa benchi, mguu wa kulia kaunyosha
kama ufito uliobaki baada ya nyumba kwisha.
Wanawake tisa na matumbo yao wakamtazama.
"Kaka, wako wa miezi mingapi?" akauliza Mwanaheri.
"Wiki ya tatu," akajibu Singano bila kucheka,
na benchi zima likatikisika.

Nilimwita kabla ya zamu yake. Wakaguna kidogo.
Nikavuta pazia.

Shavu la mguu limevimba, ngozi imevutika
hadi inang'aa kama biringanya.
Juu yake duara tatu za pembe ya chuku,
kazi ya mkwewe wa Maramba,
aliyesema ni jini la shambani, akapaka kitunguu saumu.
Kwenye cheti: kapsuli za rangi mbili, siku saba.
Tena kapsuli, siku saba.
Mara ya tatu, kalamu nyekundu: *Aonekane kazini.*

"Niliwaambia kuna kitu ndani," akasema.
"Wakabonyeza, wakasema hakuna.
Kidole chao, dada, ni kidole tu."
Kisha akaiangalia mashine kwa wasiwasi.
"Hii si ya matumbo?"

Ni ya popote palipofungwa, nikamwambia.
Nikaacha kile kichwa kinene cha watoto,
nikachukua kile bapa, kinachopenda mambo ya karibu.
Jeli ilikuwa baridi. Akavuta pumzi kwa meno.

Kazi yangu ni kutuma sauti nisiyoisikia,
kisha kungoja mwangwi.
Haizidi kubisha hodi.
Palipo na mtu, utaitikiwa.

Juu, ngozi: ukanda mweupe.
Chini yake mafuta, yaliyopaswa kulala kama mkeka,
yamelowa, yameachana vipandevipande,
mawe ya uani na maji yakipita katikati.
Chini zaidi, doa jeusi.
Nikabonyeza taratibu. Doa likayumba,
likazunguka kizito, uji ndani ya kibuyu.
Huo ni usaha, mtu yeyote wa kazi hii angesema.
Lakini katikati ya usaha
mstari.

Mfupi. Mweupe kuliko mfupa. Umelala mshazari,
na nyuma yake kivuli kimenyooka hadi ukingoni mwa skrini.
Nikageuza kiganja: mstari ukawa nukta.
Nikarudisha: nukta ikawa mstari.
Milimita kumi na moja.
Kwenda chini, haufiki hata upana wa kidole,
kidole kile kile kilichosema hakuna.

Nikaigeuza skrini. "Bwana Singano, unakijua hiki?"
Akatazama kwa muda mrefu, mkata mkonge
wa miaka kumi na minne.
"Ncha," akasema. "Ncha ya jani."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Kwa hiyo sikuwa mwongo."

Nikataka kujibu, akanitangulia:
buti za kazi zilipasuka mwezi wa nne,
akaingia shambani na ndala kwa hiari yake,
na mwiba wa kujichoma, wahenga walishasema, hauambiwi pole.
Nikamwambia pole hata hivyo.

Nikatia alama kwa kalamu: si kwenye duara za chuku,
hapa, kando, Dakta Hoza apasue hapa.
Robo saa baadaye kilikuwa ndani ya kisahani,
cheusi, kimelainika kwa kulowa,
kifupi kuliko punje mbili za mchele zikifuatana.
Wiki tatu za homa. Kile.

"Wale wenzangu wanapewa picha," akasema akichechemea.
"Nami nipe."
Nikamchapia. Akaichomeka ndani ya kadi ya kazi,
ya kumwonyesha nyapara, akasema;
akafika mlangoni, akafikiri:
"Hapana. Kwanza mama mkwe."

Nje nikamsikia Mwanaheri: "Haya, wa kike au wa kiume?"
Jibu lake sikulipata, kicheko kililimeza.
Nilikuwa nakifuta kile kichwa bapa kwa kitambaa,
mara ya pili, halafu ya tatu.
Bado kilinuka kitunguu saumu.