Masikio ya Midasi

Midasi, mfalme wa ngano za Wayunani,
alipoota masikio ya punda
alishinda na kilemba, akalala na kilemba.
Aliyejua ni mmoja tu: kinyozi wake.
Huyo ndiye ninayemhurumia.

Mimi nanyoa Langoni, kiti kimoja, kioo cha ufa.
Najua nani hutia piko ndevuni kabla ya posa,
nani hutetemeka wembe ukifika kisogoni.
Nameza. Naosha brashi.

Yeye siri ilipomvimba
alichimba shimo kando ya mto,
akanong'ona, akafukia.
Pakaota matete. Upepo ukapita,
matete yakasema yote.

Hapa Lamu ningechimba wapi?
Kuta ni matumbawe, uchochoro ni wa bega moja,
na nyuma ya kila dirisha yuko Mwanajumbe
anapeta mchele polepole, asikose neno.

Basi Ijumaa, nilipokwisha kumnyoa Bwana Famau,
nikajikuta mlangoni namwambia punda wake
nilichokiona chini ya ile kofia ya vito.
Punda akageuza sikio moja.
Akalirudisha.
Akaendelea na ganda lake la tikiti.

Nikamcheka Midasi, mtu mzima,
kulilia masikio kama yale,
yapokeayo neno yasilirudishe.
Angalikuja kwetu akavua kilemba mchana kweupe,
watu wangalijibanza ukutani apite,
wakamwuliza tu:
leo umebeba mchanga,
au mawe?