Kama Ile

Bibi hana haja na jina la mchezo.
Husema tu: niletee kama ile.
Nami nashuka Langoni, flashi kwenye mfuko wa buibui,
najibana ukutani punda wa saruji wapite,
hadi kwa Famau, kijana wa kutia filamu,
anayekula muhogo kwa mkono mmoja
na kuhamisha mafaili kwa wa pili.

Kama ile ipi?
Ile ya muuza tambi na daktari.
Kama ile vipi? aniuliza, na ana haki.
Wawili na mvua na mwavuli mmoja? Anazo arubaini.
Mama mkwe mwenye bahasha ya pesa?
Ajali ya gari, kisha mtu asahau jina lake?
Au ya Kithai, ya Kichina,
ya Kikorea ya zamani, wanaume na kofia nyeusi
kama kawa za kufunikia wali?

Zote nimezichukua, wiki baada ya wiki.
Ya wafalme Bibi aliitazama sehemu mbili:
"Hawa hata hawali. Kazi yao kuinamiana."
Ya Kithai: "Huyu hajui kulia."
Ya Kichina ina sehemu sitini, ya tatu ikamkuta usingizini,
ukili mapajani, miyaa imetapakaa mkekani.
"Njema," alisema alipozinduka. "Lakini siyo kama ile."

Hapa niseme ninalolijua peke yangu.
Bibi hasomi yale maandishi ya chini.
Mimi ndiye niliyemsomea, usiku kumi na sita,
naye yumo edani,
televisheni tukiitupia leso kila mlango ukibishwa.
Maandishi yana mbio, Kiingereza changu kina matundu,
nikayaziba kwa maneno ya humu ndani.
Daktari alitaja sijui mkataba gani,
nikasema: "Anamwambia, mchuzi wako
una mkono wa mamangu."
Bibi akatua ukili. "Kasema hivyo?"
Kasema.
Basi ikawa kila usiku daktari anazidi maneno.
Majina yao yalimkwama kooni,
muuza tambi tukampa Mwanaesha, daktari Shekuwe,
na mama mkwe jina nisiloliandika, maana ni la jirani.

Sehemu ya kumi na sita Shekuwe alikufa.
Kitandani, bila kelele, bakuli la tambi likipoa pembeni.
Bibi akauliza: "Asemaje?"
Eda ilikuwa imebakisha siku tisa.
Koti la Babu lingali msumarini.
Nikasema: "Amepata kazi ng'ambo.
Anamwambia asifunge duka, atarudi."
Na lile sanduku? Na maua meupe, na watu wote wale weusi tii?
"Mizigo yake hiyo. Kwao husindikizana hivyo."
Hakusema kitu. Aliomba maji.

Kwa hiyo Famau atafute mpaka kompyuta ife.
Ile haimo.

Jana umeme ulikatika kabla hatujaanza.
Nikamwambia gizani: Bibi, zimekwisha,
kama ile hakuna tena.
Nilisikia miyaa ikipita vidoleni mwake,
moja, na nyengine, na nyengine.
"Mwanangu," akasema, "kusoma sijui.
Yeneza nalijua."

Nikatafuta la kujibu. Nje mtu alikuwa akimtukana punda.
"Umeme ukirudi weka yoyote," akasema.
"Yoyote. Ila usinisomee ilivyoandikwa."

Ukarudi saa nne na robo, feni ikakohoa.
Nikaweka ya juu kabisa, sikutazama hata ni ya nchi gani.
Mwanamume amelowa chepechepe mlangoni mwa mkahawa,
ndani mwanamke anageuza viti juu ya meza,
anamwambia maneno mawili bila kumtazama.
"Asemaje?"

Chini paliandikwa: Tumefunga.

"Anasema karibu," nikamwambia.
"Anasema wali ungali moto."

"Mrongo huyo," akasema Bibi,
akauvuta mkeka karibu na kioo.
"Haya, endelea."