Mayai ya Domokos

Gari lilichemka mlimani, kabla ya Domokos.
Baba akalisukuma hadi kivulini kwa Lambrini:
meza nne, friji ya soda inayotetemeka,
na bango la samaki, ilhali bahari tumeiacha saa nzima nyuma.

Lambrini akatoka, mkono umo kwenye plasta mpaka begani.
“Nilianguka Jumatano. Mayai yapo,
jibini ipo, zeituni, nyanya. Kikaango kile pale.
Mwenye njaa na apike.”

Mama alishainuka nusu, kama kawaida yake.
Lambrini akamtazama viatu, akamtazama uso.
“Wewe kaa.”

Basi akabaki baba. Baba yangu Anestis,
ambaye nyumbani aliona heri kufunga siku tatu
kuliko kuuliza chumvi inakaa wapi.
Akavua saa. Akakunja mikono ya shati.
Yai la kwanza likamponyoka, likapasukia kiatuni;
dereva wa lori, Mbulgaria, alicheka hadi akakohoa,
kisha akasogea kumkatia vitunguu.

Tulisikia mafuta yakinguruma, na baba akiyajibu.

Sahani aliileta kwa mikono miwili,
kingo zimeungua, kipande cha ganda kimesalia ndani.
Mama akala kimya, bila haraka.
Malori matatu yalipita, niliyahesabu.
Ganda akalitoa ulimini, akaliweka kando.

“Oregano haikuwepo?”
“Sikuiona.”
“Utaiona,” mama akasema,
akamega mkate, akapangusa sahani mpaka ikang’aa.