Kidole cha Pete

Saa kumi na dakika arobaini, Ijumaa, Winnipeg,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Luzviminda anagonga mlango wa ofisi yangu,
nywele bado mbichi kwa maji ya kuogea,
mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia
kama mtu aliyebeba yai.

"Glavu," anasema. "Ya nje. Kidole cha pete.
Ya ndani nimeijaza maji, haikuvuja.
Lakini nimekuja."

Lakini nimekuja.
Miaka kumi na minne nalipwa mshahara
kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Wageni wakija huwaonyesha mitambo:
milango miwili isiyokubali kufunguka pamoja,
hewa iingiayo bila kupingwa
na isitoke ila imechujwa mara mbili,
suti kwenye ndoano, tupu, mabega yameshuka,
zikingoja pumzi ya bomba.
Wanatikisa vichwa, wanaridhika.
Daftari siwaonyeshi.

Lina doa la kahawa. Ndani yake:
zipu iliyokwama. Chupa iliyoteleza, isivunjike.
Desjarlais, fundi wa mabomba, aliyeshindwa kulala
kwa vali asiyokumbuka kama aliifunga,
akarudi usiku wa manane katika theluji,
akaikuta imefungwa,
akanipigia simu hata hivyo.

Ukurasa wa kwanza ni wangu,
na uliandikwa kwa kuchelewa siku tisa.

Siku tisa nilijipima joto bafuni,
bomba nimelifungulia
mume wangu asisikie mlio wa kipimajoto.
Tundu lenyewe dogo kuliko nukta.
Na mkubwa wangu wa enzi zile
aliuliza "nani?" kabla ya "nini?"
Sikuugua.
Bahati haijawahi kuwa ushahidi.

Kinga na kinga, wasema, ndipo moto uwakapo.
Sisi twapanga kinga juu ya kinga
moto usiwake,
na ya mwisho si chuma, si mpira, si dawa ya kunyunyiza:
ni uso nitakaomwonyesha huyu binti
sasa hivi, kabla sijatamka neno.

"Keti, Luz. Nini kilitokea?"

Anaketi ukingoni mwa kiti. Anaanza, anarudi nyuma, anaanza tena.
Namwita daktari kwa simu. Nafungua daftari.
Kalamu yangu haitoi wino.

Ananipa yake,
kwa mkono ule ule.

Naipokea.